Miaka ishirini ya uashi bila cheti: je, kurasimisha ujuzi kunalipa?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi mwashi, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Tanga. Niliishia darasa la saba, nikaanza kazi kama saidia fundi wa mjomba wangu, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini ninajenga, ninapiga lipu na kupanga marumaru. Mkandarasi ninayemfanyia kazi ameleta kijana aliyetoka chuoni, amemfanya msimamizi wangu na anamlipa zaidi, ingawa mara nyingi mimi ndiye ninayemwelekeza. Nimeambiwa niende VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, nikarasimishiwe ujuzi wangu, yaani nipimwe na kupewa cheti kwa ujuzi nilioupata kazini. Naomba kujua: hiyo ni karatasi tu, au ina faida? Nikipata cheti, mwajiri atalazimika kuniongezea mshahara? Na kwa umri huu nitaweza kweli kurudi darasani?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalowakatisha wengi tamaa baada ya kushika cheti mkononi. Hapana, mwajiri wako hatalazimika kukuongezea mshahara kwa sababu tu umerasimishwa. Nchini Tanzania kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi hupangwa kwa amri ya Waziri mwenye dhamana ya kazi, na ukiisoma amri ya mwaka 2022, iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi ilipofuatwa na amri ya 2025, kama ile ya 2013 iliyoitangulia, utaona kwamba upande wa ujenzi viwango vilitofautishwa kwa kufuata daraja la usajili la mkandarasi: daraja la kwanza lina kiwango chake, madaraja ya kati yana chao, na madaraja ya chini yana chao. Anayepimwa hapo ni kampuni. Kibarua aliyeanza kuchanganya udongo jana na fundi aliyesimamisha maghorofa, wakiwa chini ya mkandarasi mmoja, wanalindwa na kima kilekile, na chochote kinachozidi hapo ni matokeo ya mapatano.

Ukivuka mpaka wa Horohoro, mambo yanabadilika. Amri za mishahara za Kenya kwa miaka mingi zimemworodhesha fundi asiye na gredi, fundi wa gredi ya tatu, wa gredi ya pili na wa gredi ya kwanza, kila mmoja na kima chake cha chini, na gredi hizo hutokana na majaribio ya ufundi ya Serikali ambayo leo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA. Fundi wa jua kali ambaye hakuwahi kukanyaga chuo anaweza kujiandikisha kwa jaribio hilo, na akifaulu, karatasi yake inagusa mfuko wa mwajiri kisheria. Sisemi kwamba kila mwajiri wa Kenya huitii amri hiyo; ninachosema ni kwamba fundi anapodai, ana mahali pa kuegemea. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la utaratibu wetu. Tumejenga njia ya kuutambua ujuzi, lakini hatujaiunganisha na njia ya kuulipa, na matokeo yake fundi hubebeshwa peke yake kazi ya kumshawishi mwajiri kwamba kilichothibitishwa na mamlaka ya umma kina bei.

Pamoja na hayo nakushauri uende, na sababu zangu zitaeleweka vizuri zaidi tukitazama ni nani hasa anayenunua kazi yako. Mteja wa mtaani, yule anayejenga nyumba yake polepole Kange au Pongwe kila anapopata hela, hatakuuliza cheti hata siku moja. Yeye huulizia kwa jirani, hupita kuitazama nyumba uliyoijenga, hugonga ukuta asikie kama lipu imeshika, kisha mnakubaliana bei. Kwake, kazi yako ndiyo ushahidi wako, na cheti kitaongeza kidogo sana. Mkandarasi ni mnunuzi wa namna nyingine, kwa sababu naye ana anayemkagua: anapoomba zabuni huombwa orodha ya watumishi wake na sifa zao, na fundi asiye na karatasi, hata awe gwiji, haonekani katika orodha hiyo isipokuwa kama nguvukazi. Halafu kuna miradi mikubwa yenye ofisi ya rasilimali watu, ambako anayechambua maombi ya kazi huenda hajawahi kushika mwiko maishani mwake, wala hawezi kutofautisha kozi ya tofali, yaani mstari wake ukutani, iliyonyooka na iliyopinda. Mtu huyo hana njia ya kukujua ila kwa karatasi, na bila cheti jina lako linatoka kwenye lundo la maombi kabla ya fundi mwenzako yeyote kuliona.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu, amua unataka kumfikia mnunuzi yupi. Kama umeridhika na wateja wa mtaani na unawapata wa kutosha, fedha na muda wako pengine vitumike kununua mashine nzuri ya kukatia marumaru. Lakini barua yako inaonyesha kwamba unataka kukua ndani ya kazi za makandarasi, na huko cheti ni kama leseni ya udereva: hakimfanyi mtu ajue kuendesha, ila bila hicho hakabidhiwi gari la watu.

Sasa niseme kuhusu huyo kijana, maana nahisi ndiye hasa aliyekufanya uandike. Lazima ujue ametoka chuo cha namna gani. Kama ana stashahada ya ujenzi, yeye ni fundi sanifu, na ngazi yake ni nyingine kabisa na ya fundi stadi. Fundi sanifu amefundishwa kusoma michoro, kupima viwanja, kukadiria vifaa na gharama, na kuandika taarifa za saiti. Hakufundishwa kupiga lipu ukuta wa mita thelathini kwa siku, wala hakuna aliyemtarajia aweze. Kurasimishwa kwako hakutakuweka kwenye ngazi yake, na ukienda VETA ukiwa na matumaini hayo utarudi na kinyongo. Kama yeye naye ana cheti cha ufundi stadi tu, hapo malalamiko yako yana msingi kamili, kwa sababu mtakuwa mnapimwa kwa kipimo kimoja, naye amekuzidi kwa karatasi pekee. Chunguza hilo kwanza, na ulifanye kwa upole. Kijana hana kosa.

Utaratibu wenyewe haukuzuka leo. VETA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, ilirithi nchi yenye majaribio ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, ambayo wazee wa kazi bado wanayataja, kisha ikahamia mafunzo yanayopima umahiri, yaani kile mtu anachoweza kukifanya kwa kiwango kilichowekwa, bila kujali amekaa darasani miezi mingapi. Ukishakubali kwamba kinachopimwa ni umahiri, ni vigumu kumkatalia aliyeupata saiti, na hapo ndipo mlango wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ulipofunguka. Shirika la Kazi Duniani lilikwishatoa pendekezo lake la mwaka 2004 kuhusu kuendeleza rasilimali watu na kujifunza maishani mwote, likizitaka nchi ziweke njia za kutathmini na kuthibitisha ujuzi wa mtu popote alipoupata, na shirika hilohilo likashirikiana na VETA katika hatua za mwanzo za kazi hii. Kisha kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu iliuweka urasimishaji sambamba na mafunzo ya uanagenzi, mafunzo ya uzoefu kazini na mafunzo kwa walio tayari kazini. Mafundi wengi waliopata vyeti kwa njia hii walivipata katika awamu zilizogharamiwa na Serikali.

Majirani nao wana njia zao. Uganda, kupitia Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, ilibuni hati iitwayo Worker's PAS, ambamo mfanyakazi huandikiwa sehemu moja moja ya kazi aliyothibitisha kuiweza, hivyo aliye hodari wa kupanga marumaru pekee halazimiki kuujua uashi wote ndipo atambuliwe. Napenda sana wazo hilo, kwa sababu linaendana na jinsi ufundi ulivyogawanyika mitaani kwetu. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: sheria yao ya Januari 2002 ilimpa mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu haki ya kuomba cheti kamili, hata shahada, kwa kuthibitisha uzoefu wake mbele ya jopo, kisha mwaka 2016 miaka hiyo ikapunguzwa kuwa mmoja, na mwisho wa 2022 sharti la muda likaondolewa kabisa. Huko neno muhimu ni haki. Kwetu bado inategemea kama awamu imetangazwa, kama fani yako imo, na kama kituo kina watathmini.

Hata sisi, hata hivyo, tulikwisha kuwa na wazo hili, na wakati mwingine tulikuwa na ujasiri kuliko sasa. Mwalimu Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano mwaka 1964 alisisitiza kuwaelimisha watu wazima kwanza, kwa hoja kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaugusa uchumi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu apitie kazini kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, aje na uzoefu na maoni ya waliofanya naye kazi. Azimio lile lilikuja kulegezwa, na lilikuwa na kasoro zake, lakini lilibeba dhana ambayo leo tunaifundisha upya kwa semina na makongamano, kwamba kazi nayo ni shule inayostahili kutajwa kwenye sifa za mtu. Udhaifu wetu wa wakati ule, kama ninavyouona, ni kwamba elimu ya watu wazima ilifungamana zaidi na kisomo, afya na kilimo, na fundi wa mjini akaachwa ajifunze kwa mjomba.

Turudi kwenye yatakayokukuta. Utaratibu huanza na maombi katika kituo cha VETA, ambako utajaza maelezo yako na ya kazi ulizofanya, kisha utafanyiwa tathmini ya awali ili ijulikane unaangukia ngazi gani. Baadaye huja mahojiano na jaribio la vitendo, pengine karakanani na pengine saiti unapofanyia kazi, mbele ya mtathmini anayeijua fani hiyo. Akiona mapungufu, hukupangia mafunzo mafupi ya kuyaziba, ndipo tathmini ya mwisho ifanyike. Mafundi wengi huyachukia mafunzo hayo ya kuziba mapengo na huyaona kama kupotezewa siku za kazi. Mimi nayaona kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kuliko cheti chenyewe.

Chukua mfano wa zege. Fundi wa miaka ishirini anajua kwa jicho kwamba zege hili limeiva na lile limezidi maji, na mara nyingi jicho lake ni sahihi. Lakini mtathmini atauliza: ukiambiwa rashio ya moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, unaipimaje saiti, kwa ndoo au kwa chepe? Chepe la saruji na chepe la kokoto havibebi ujazo sawa, na anayepima kwa chepe anapata rashio tofauti kila mara anapochoka. Atauliza kwa nini hupaswi kuongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi, na hapo wengi hujibu kwamba litapasuka, jibu ambalo lina ukweli ndani yake lakini halijafika, kwani jambo kubwa ni kwamba maji yanayozidi mahitaji ya saruji huacha matundu madogo ndani ya zege na kulipunguzia nguvu hata lisipopasuka. Atauliza unalimwagilia siku ngapi. Ukisema siku tatu kwa sababu ndivyo mwenye nyumba anavyovumilia bili ya maji, utakuwa umesema ukweli wa mtaani, na utakuwa umekosa, kwa kuwa kwa kawaida siku saba ndicho kiwango cha kuanzia. Na huenda akakuuliza kwa nini vipande vya majaribio hupondwa maabara siku ya saba na ya ishirini na nane. Hayo yote mikono yako inayajua nusu. Mafunzo ya kuziba pengo yanakupa nusu iliyobaki, na nusu hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumjibu mhandisi mshauri anapokagua, badala ya kumwachia kijana ajibu.

Pengo la pili, ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linalowaangusha mafundi hodari, ni michoro. Fundi aliyezoea kuonyeshwa kwa kidole mahali pa ukuta anaweza kujenga nyumba nzima bila kufungua ramani, na akiletewa mchoro wenye skeli, mikato na alama za milango, anatafuta wa kumsomea. Hapo ndipo uongozi wa saiti unapomponyoka. Ukiniuliza ujifunze kitu kimoja tu mwaka huu, nitakuambia ujifunze kusoma michoro na kutoa kutoka humo idadi ya tofali, mifuko ya saruji na nondo. Hilo likikaa sawa, umbali kati yako na huyo msimamizi wako unapungua zaidi kuliko cheti chochote kinavyoweza kuupunguza. Mambo ya usalama kazini utafundishwa pia, nawe pengine utayadharau. Usiyadharau, kwa kuwa kwenye miradi mikubwa anayepanda jukwaa bila mkanda huondolewa saiti siku hiyohiyo, awe fundi au nani.

Kuhusu umri, hofu yako naielewa, lakini imekaa mahali pasipo pake. Hutarudi darasani kukaa na watoto wa kidato cha kwanza. Unaitwa uonyeshe kazi unayoifanya kila siku, na unaulizwa maswali juu yake. Uwezo wa kusoma na kuandika wa darasa la saba unatosha kuanzia, na kama hujashika kalamu muda mrefu, anza sasa kwa kuandika kila jioni ulichokifanya saiti: eneo, vipimo, vifaa vilivyotumika na kilichoharibika. Daftari hilo litakusaidia mara mbili, kwa sababu litaulegeza mkono wako na litakuwa sehemu ya ushahidi wako. Mtu mzima hujifunza taratibu yale asiyoyaona matumizi yake, na hujifunza upesi yale ambayo kesho asubuhi atayatumia. Wewe una bahati ya kuwa na kesho asubuhi ya kuyatumia.

Juu ya ushahidi niseme zaidi, kwa kuwa ni jambo ambalo mafundi wetu hulipuuza kuliko yote. Wengi huja na picha za nyumba zilizokamilika, zimepakwa rangi na kuwekwa maua mbele. Picha hizo hazithibitishi lolote, maana ubora wa mwashi hufunikwa na lipu, na wa lipu hufunikwa na rangi. Piga picha ya msingi kabla haujafukiwa, ya nondo na vishikizi vyake kabla zege halijamwagwa, ya kona ikiwa na timazi, ya kozi za tofali kabla ya kupigwa lipu, ya sakafu ya bafu ikiwa na mteremko wake kabla marumaru hazijakaa. Andika tarehe, mahali, na namba ya simu ya mwenye kazi aliyekubali kuulizwa. Picha moja ya nondo zilizofungwa vizuri ina uzito kuliko kumi za nyumba inayong'aa.

Usisahau pia haki uliyonayo ambayo waajiri wengi hawakutajii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Ulipomaliza kazi kwa makandarasi waliopita, ulipaswa kuondoka na hati hiyo. Najua kwamba mafundi wengi huchukuliwa kama deiwaka, hulipwa jioni na kuagana mdomoni, na anayedai hati huonekana msumbufu. Hata hivyo, kwa mkandarasi uliyefanya naye mradi mzima, rudi ukaombe barua fupi inayotaja mradi, kipindi na majukumu yako. Ukiweza, mwandikie rasimu yeye asaini tu. Barua isemayo kwamba uliongoza kundi la mafundi kuinua kuta za vyumba kadhaa vya madarasa ina nguvu kuliko isemayo kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu.

Nimetaja madarasa kwa makusudi. Sehemu kubwa ya majengo ya shule na zahanati katika miaka ya karibuni imejengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambao unawategemea mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi mkubwa. Hata ule ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 vilivyotokana na fedha za mkopo wa UVIKO-19 mwaka 2021 uliwaingiza kazini mafundi wengi wa mitaani. Huko kamati ya ujenzi ya shule huchagua fundi na kuandikiana naye mkataba, na fundi mwenye cheti, daftari la kazi na makadirio aliyoyaandika mwenyewe anaanza mbele ya mwenzake. Aidha, sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wewe kwa miaka 41 umeshapita kundi la vijana, lakini vijana unaowafundisha wanaweza kuunda kikundi, na wewe ukawa fundi wao mkuu. Wengine wamenufaika kwa kupita njia hiyo ya pembeni kuliko kwa kumsubiri mkandarasi mmoja abadili moyo.

Namna ya kuzungumza na mwajiri wako nayo inahitaji mpango. Usiingie ofisini kwake na cheti peke yake ukisema umesoma. Ingia na orodha ya kazi unazozifanya sasa ambazo si za fundi wa kawaida: kupanga vipimo vya msingi, kuwagawia mafundi na saidia fundi kazi, kukagua kazi kabla mhandisi hajaja, kuhesabu vifaa vya wiki. Mwonyeshe ni kazi ipi ilibomolewa na kurudiwa ulipokuwa hupo, kama ipo. Kisha omba jambo mahususi, kwa mfano cheo cha foremani wa uashi chenye malipo yake na mkataba wa maandishi. Akikataa, utakuwa na karatasi za kumpelekea mkandarasi mwingine, na hapo ndipo cheti kinapofanya kazi yake halisi, kwa kuwa ujuzi unaojulikana na bosi mmoja tu hupangiwa bei na bosi huyo. Kama eneo lenu la kazi lina chama cha wafanyakazi, uliza pia kama mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, unaweza kutaja viwango vya mafundi kwa ngazi za vyeti vyao; pale amri ya Serikali inaponyamaza, mkataba wa pamoja unaweza kusema.

Baada ya hapo unaweza kuendelea ukitaka. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu, na ukishatambuliwa katika ya kwanza au ya pili, unaweza kuomba kupimwa kwa inayofuata. Ukitamani siku moja kuingia ngazi ya fundi sanifu, vyuo vingi vitataka pia elimu ya sekondari, na kwa mtu wa darasa la saba njia ipo: mtihani wa maarifa, maarufu kwa jina la QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukisoma jioni kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au vinginevyo. Ni safari ya miaka kadhaa na siyo kila fundi anaihitaji. Kwa mafunzo mafupi, mbali na VETA, mkoani kwenu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Handeni na Kiwanda kule Muheza. Vyuo vya aina hiyo vilianzishwa tangu miaka ya sabini kwa ajili ya watu wazima hasa, na mara nyingi havina masharti makali ya kuingilia.

Kama una wazo la kwenda kutafuta kazi Mombasa, kama wanavyofanya wengi wa Tanga, usidhani cheti chako kitapokelewa bila maswali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za elimu na taaluma, lakini waliotangulia kuwekeana makubaliano ni wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Fundi stadi anayetaka malipo ya gredi huko atapata urahisi zaidi akifanya jaribio la NITA.

Utakapofika VETA Tanga, uliza mambo machache kabla ya kulipa chochote: je, kuna awamu inayogharamiwa na Serikali inayokaribia kufunguliwa, uashi na uwekaji marumaru vinatathminiwa pamoja au kila kimoja peke yake, cheti kitatolewa kwa ngazi gani, mafunzo ya kuziba mapengo yatachukua siku ngapi na kama yanaweza kufanyika jioni au mwisho wa wiki ili usipoteze kibarua. Hakikisha pia jina unaloandikisha linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Mafundi wengi wanajulikana saiti kwa majina ya utani au kwa jina la mtoto wa kwanza, wakajiandikisha kwa hayo, na walipofika kwenye ofisi ya rasilimali watu ya mradi mkubwa wakaambiwa kwamba cheti ni cha mtu mwingine.